Boti ya Zimamoto Bandarini

Mtu akisimama Segerea haioni bahari. Lakini mafuta ya taa, dizeli ya mabasi na ngano ya chapati hufika kwa meli, kupitia bandari ya Dar es Salaam. Mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita hapo pia. Mlango wa bandari hiyo ni mwembamba. Meli ikiungua na kuzama mlangoni, nyingine haziwezi kupita. Basi, moto wa bandarini ni hasara yetu sote.

Je, meli ikiwaka moto majini, nani atauzima? Gari la zimamoto haliwezi kwenda baharini. Kazi hiyo ni ya boti ya zimamoto.

Boti hii haibebi maji. Maji yako chini yake. Ina pampu kubwa zinazovuta maji ya bahari. Juu yake kuna mizinga. Mizinga hii hairushi risasi, hurusha maji. Nguvu ya maji yanayotoka huisukuma boti nyuma. Kwa hiyo nahodha huendesha injini wakati wote ili boti isiondoke mahali pake.

Boti ya New York iitwayo John J. Harvey ilitengenezwa mwaka 1931. Huweza kurusha lita 68,000 kwa dakika moja. Hayo ni kama mapipa 340 makubwa ya mafuta!

Lakini maji peke yake hayatoshi. Mafuta huelea juu ya maji. Ukimwaga maji juu ya mafuta yanayowaka, moto husambaa. Kwa hiyo boti hubeba dawa ya povu. Povu hufunika mafuta, hewa haiingii, na moto hufa.

Tena, maji mengi yanaweza kuizamisha meli. Mwaka 1942, meli kubwa Normandie iliwaka moto huko New York. Maji mengi yalimwagwa ndani yake. Yakajaa upande mmoja, na meli ikalala ubavu. Zimamoto hodari hujua pia wakati wa kuacha kumwaga.

Bandari za wanamaji zina hatari zaidi, kwa sababu meli za vita hubeba mafuta na baruti pamoja. Tarehe 14 Aprili 1944, wakati wa vita, meli Fort Stikine iliwaka moto katika bandari ya Bombay, nchini India. Ilikuwa imebeba pamba na baruti. Moto ulikuwa chini kabisa ya shehena. Maji hayakuufikia. Baada ya saa kumi alasiri meli ililipuka. Watu mamia walikufa, wakiwemo askari wa zimamoto zaidi ya 60. Pamba na baruti hazikupaswa kukaa pamoja.

Boti ya zimamoto ikitunzwa huishi miaka mingi. Maji ya chumvi hula chuma. Kwa hiyo baada ya kazi, pampu husafishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Boti ya London iitwayo Massey Shaw ilifanya kazi tangu 1935 hadi 1971. John J. Harvey iliachishwa kazi katika miaka ya 1990. Lakini Septemba 2001, majengo marefu ya New York yalipoanguka, mabomba ya maji ya mjini yalikatika. Boti hiyo kongwe ikaitwa tena, ikavuta maji ya mto siku tatu na zaidi.

Leo bandari nyingi huweka pampu na mizinga juu ya tagi, yaani boti zinazovuta meli kubwa. Chombo kimoja hufanya kazi mbili.

Nasi nyumbani tuna somo hapa. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, usimwage maji. Zima jiko, funika kwa mfuniko, na usibebe kikaango. Mafuta ya taa yakimwagika na kuwaka, tupia mchanga. Moto ukizidi, toka nje pamoja na watoto, upige simu ya zimamoto, namba 114.

Maswali
1. Kwa nini boti ya zimamoto haibebi maji?
2. Povu huzimaje moto wa mafuta?
3. Kwa nini meli Normandie ililala ubavu?
4. Je, nyumbani kwako mafuta ya taa yamewekwa wapi? Ni mbali na jiko?