Rangi Inayofuata Umeme

Msomaji mmoja ameuliza: damu imejaa chembe nyekundu, nyeupe ni moja moja tu katikati ya mamia, sasa watafiti huzionaje zikipita ndani ya ubongo wa panya aliye hai?

Habari za kidirisha cha kioo kinachopachikwa kwenye fuvu, na za hadubini ya fotoni mbili iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1990, tuziweke kando. Utamu uko kwenye rangi.

Inaitwa rodamini 6G. Panya akishadungwa rangi hiyo mshipani, chembe nyeupe zinang'aa, nyekundu zinabaki giza. Siri ni umeme. Molekuli ya rodamini ina chaji chanya, na hupenya utando wa seli bila kubisha hodi. Mitokondria, ambamo seli hupatia nishati yake, zina chaji hasi kwa ndani, tofauti ya milivolti 150 hivi. Kila milivolti 60 huzidisha mrundikano wa rangi mara 10, kwa hiyo humo ndani hujazana mamia ya mara kuliko nje.

Wafikirie kumbikumbi jioni baada ya mvua. Wanapita kila mtaa, lakini penye taa ndipo wanaporundikana, hadi asubuhi unafagia mbawa kwa ndoo. Nyumba isiyo na taa wanaipita tu. Chembe nyekundu ni nyumba hiyo: ilipokomaa ilitupa mitokondria zake zote, na kiini pia, ikabaki na himoglobini tele. Ila kumbikumbi wetu hawa, wakimulikwa na leza, wanawaka wao wenyewe.

Chembe ndogo za kugandisha damu nazo zina mitokondria, kwa hiyo huwaka vilevile. Hapo huongezwa rangi ya pili, Hoechst 33342, inayong'ang'ania DNA. Chembe hizo ndogo hazina kiini, basi inayowaka rangi zote mbili ni chembe nyeupe. Rangi ya tatu huachwa ielee kwenye plazma, na chembe nyekundu huonekana kama vivuli vinavyokimbia ndani yake.

Kivuli kisipokimbia, kapilari, yaani mshipa mwembamba kabisa wa damu, imeziba. Mwaka 2019 kundi la Nozomi Nishimura na Chris Schaffer, hukohuko Cornell, lilitangaza kwamba katika panya wenye maradhi yanayofanana na Alzheimer, karibu asilimia 2 ya kapilari za gamba la ubongo zilikuwa zimesimama, na mara nyingi iliyokwama humo ni nutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe. Walipowadunga kingamwili dhidi ya Ly6G, protini iliyo juu ya nutrofili, damu iliongeza kasi ndani ya dakika chache, na kumbukumbu ikaimarika baada ya saa chache tu. Ly6G ni ya panya, sisi hatuna. Kwetu itabidi itafutwe njia nyingine ya kuzibandua nutrofili zilizokwama.