Damu ya usiku huu ilitolewa wiki iliyopita

Mama aliyejifungua akaanza kuvuja damu nyingi anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Ndugu hupigiana simu: nani ni kundi O, nani yuko karibu. Wanakuja mbio, na nia yao ni njema. Lakini damu ya shemeji aliyefika saa tano usiku haitundikwi papo hapo. Sharti ipimwe VVU, homa ya ini B na C na kaswende, kisha ioanishwe na ya mgonjwa. Itakayomwokoa mama yule ni ile iliyokwisha kuwamo kwenye jokofu la hospitali, imetolewa na mtu asiyemfahamu.

Watanzania kwa kuchanga hatujambo. Harusi tunaichangia miezi kabla. Kwa nini damu tungoje hadi mgonjwa awe wetu?

Mpango wa Taifa wa Damu Salama kwa miaka mingi umewategemea sana wanafunzi wa sekondari na vyuo. Tunawashukuru, lakini ni mzigo tuliowatwisha vijana wadogo huku watu wazima tukipita kando. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Wala huwezi kuweka ya mwaka mzima: chembe nyekundu hudumu siku 35 hadi 42 kwenye jokofu, chembe sahani siku 5 tu. Na wahitaji hawana likizo. Yupo mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, yupo mgonjwa wa selimundu, yupo dereva wa bodaboda aliyevunjika paja.

Kazi yenyewe ni fupi. Unatobolewa kidole, tone linaangushwa kwenye kimiminika cha buluu. Likizama upesi, damu yako inatosha. Likielea, utaambiwa ukale vizuri urudi siku nyingine. Kisha unaketi, unafumba na kufumbua kiganja, na kwa dakika kama 10 mfuko unajaa mililita 450. Unapewa soda na biskuti, unapumzika kidogo, unaondoka. Anayetakiwa ni mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye kilo 50 au zaidi. Mwanamume hurudia baada ya miezi 3, mwanamke 4.

Naamini wengi hawaogopi sindano, wanaogopa majibu. Majibu ni siri yako, na kuyajua mapema ni faida yako. Wengine wamekatishwa tamaa na habari za ndugu kudaiwa fedha ya chupa. Hasira yao ni ya haki. Damu haiuzwi, na anayedaiwa aende moja kwa moja kwa mganga mfawidhi. Akinyamaza, anayeumia ni mgonjwa anayefuata.

Misikiti, makanisa, vikoba na vijiwe vya bodaboda vinajua kupanga ratiba. Basi vijigawie Juni na Desemba, miezi ambayo wanafunzi wako nyumbani, na kila kikundi kizungumze na hospitali ya wilaya yake sasa, siku ya kwenda iandikwe.