Uboreshaji wa Uhifadhi wa Muda wa Majibu ya Ukanusho katika Mfumo wa Majina ya Vikoa

1. Utangulizi

Mfumo wa Majina ya Vikoa, DNS, huoanisha majina yanayokumbukwa na watu na anwani zinazotumiwa na kompyuta. Ufanisi wake hutegemea sana uhifadhi wa muda: seva tafutaji, yaani seva inayotafuta majibu kwa niaba ya watumiaji, huyaweka majibu iliyoyapata ili isirudie kuuliza kila mara. Makala haya yanafafanua namna uhifadhi wa majibu ya ukanusho ulivyoboreshwa, pamoja na gharama inayoambatana na maboresho hayo.

2. Jibu la ukanusho na umri wake

Jibu la ukanusho ni la aina mbili. Aina ya kwanza hueleza kwamba jina lililoulizwa halipo kabisa. Ya pili hueleza kwamba jina lipo, ila halina rekodi ya aina iliyotakiwa. Mwaka 1987, waraka wa RFC 1034 uliuchukulia uhifadhi wa majibu haya kuwa jambo la hiari. RFC 2308 ya mwaka 1998 iliondoa hiari hiyo kwa kila seva tafutaji inayohifadhi majibu. Aidha, ilielekeza kwamba umri wa jibu uwe ule mdogo kati ya viwili: umri wa rekodi ya SOA ya kanda husika na thamani ya uga wa mwisho wa rekodi hiyo. Muda wa saa 1 hadi 3 ulionekana kufaa, ilhali muda unaozidi siku 1 ulionekana kuleta matatizo. Sababu yake ni bayana: jina likisajiliwa muda mfupi baada ya kuulizwa, seva tafutaji itaendelea kulikana hadi umri wa jibu la zamani uishe.

3. Upungufu wa uhifadhi wa jina mojamoja

Kwa utaratibu huo, kila ukanusho hulihusu jina moja tu. Mshambuliaji anayetunga maelfu ya majina ya kubahatisha chini ya kikoa kimoja huikwepa akiba yote, kwa kuwa hakuna jina linalorudiwa. Mzigo wote huiangukia seva yenye mamlaka. RFC 8020 ya mwaka 2016 ilipunguza tatizo kwa kubainisha kwamba jina lisilokuwepo halina chochote chini yake. Hata hivyo, kanuni hiyo haisaidii majina ya kubahatisha yanapotungwa moja kwa moja chini ya kikoa kilichopo.

4. Kutoka jina hadi pengo

Suluhisho pana zaidi lilitokana na DNSSEC, ambayo huthibitisha majibu kwa saini za kidijitali. Rekodi ya NSEC hutaja majina mawili yanayofuatana katika mpangilio wa kanda, na hivyo huthibitisha kwamba kati yake hakuna jina. Tuseme kanda ina majina chungwa na nanasi yanayofuatana. Swali kuhusu embe litaleta rekodi inayoonesha pengo hilo. Baadaye likiulizwa limau, rekodi ileile inatosha kulikanusha, mradi pia ipo akibani rekodi inayothibitisha kwamba kanda haina jina la nyota, yaani alama inayosimama badala ya jina lolote lisiloorodheshwa. Awali RFC 4035 haikupendekeza matumizi hayo. RFC 8198 ya mwaka 2017 iliyaruhusu.

5. Mipaka ya mbinu

Mbinu hii haifai kila mahali. Kanda isiyotiwa saini haina rekodi za NSEC. Rekodi za NSEC3 zinazoruhusu vikoa visivyotiwa saini kurukwa hazithibitishi kutokuwepo kwake, hivyo hazipaswi kutumiwa. Vilevile, seva inayotunga pengo dogo kwa kila swali huficha orodha ya majina yake, lakini huipokonya akiba manufaa yake. Zaidi ya hayo, umri wa NSEC ukiwa mrefu kupita kiasi, jina jipya linaweza kukanwa hata kama halijawahi kuulizwa. Ndiyo maana RFC 9077 ya mwaka 2021 iliuwekea umri huo kikomo kilekile cha RFC 2308.

6. Hitimisho

Kadiri ukanusho mmoja unavyojibu maswali mengi, ndivyo uamuzi wa msimamizi kuhusu umri wake unavyogusa majina mengi. Hivyo basi, kinga dhidi ya mashambulizi na upesi wa kuonekana kwa majina mapya havina budi kupimwa pamoja.