Ganzi ya Bega Huisha Usiku

Simu iliita saa nane usiku. Ni muuguzi wa zamu: "Dokta, yule wa bega analia."

Yule wa bega alikuwa dereva wa bodaboda. Jioni nilimwacha akila wali kwa mkono wa kushoto, akiwatania ndugu zake kwamba ule wa kulia ameuazima kwa mtu. Vidonge alivyoletewa alivisukuma chini ya mto. Haumwi, vya nini? Sindano ya ganzi nilikuwa nimemdunga shingoni saa nne asubuhi, kabla hajafungwa chuma begani. Hesabu saa kumi na sita kuanzia hapo uone unaangukia wapi.

Wagonjwa wengi, ukiwatajia sindano ya shingo, huogopa zaidi ya kisu chenyewe, na lawama nyingine naiweka kwenye lugha. Neno mshipa tumelibebesha mizigo mingi mno: kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na mitaani hata ngiri huitwa mshipa. Mimi nasema nitachoma karibu na mshipa, mwenzangu anaona damu ikiruka. Ninayoitafuta ni mishipa ya fahamu inayochomoza kwenye pingili za shingo, hasa ya tano na ya sita. Hupenya kati ya misuli miwili pembeni mwa shingo, ikapita nyuma ya mtulinga kuelekea mkononi. Karibu habari zote za maumivu ya bega hupanda kwa njia hiyo hadi kwenye ubongo.

Mmarekani Alon Winnie ndiye aliyeieleza njia hii mwaka 1970. Enzi hizo daktari alipapasa shingo kwa vidole mpaka akapata kijibonde kati ya misuli ile, akaingiza sindano taratibu, na mgonjwa aliposema amehisi kama shoti ya umeme imeshuka mkononi, dawa ikasukumwa. Leo tunatumia mashine ya ultrasaundi, ileile inayowaonyesha mama wajawazito watoto wao. Kwenye kioo mishipa ile huonekana kama viduara vyeusi vitatu vilivyopangana wima, mfano wa vifungo vya shati. Nasogeza ncha ya sindano hadi kando yake, si ndani yake, natia dawa kidogo kidogo huku nikiitazama inavyoizunguka. Baada ya robo saa hivi namwambia mgonjwa ainue mkono kama anayeapa mahakamani. Akishindwa, akanitazama kwa mshangao, najua imeshika.

Dawa yenyewe, mara nyingi bupivakaini au ropivakaini, haiuui mshipa. Mshipa wa fahamu hupeleka habari kwa kufungua vijilango ambavyo chembe za sodiamu huingilia. Ganzi huviziba vijilango hivyo, habari ikakwama njiani. Kidonda kipo, uvimbe upo, ila ubongo haujaambiwa. Damu nayo huibeba dawa polepole, na baada ya saa 12 hadi 18 hivi, vijilango hufunguka tena. Tukichanganya na deksamethasoni tunaongeza saa kadhaa.

Kuna mambo mgonjwa asipoambiwa mapema atadhani amepatwa na kiharusi. Kope ya upande uliochomwa inaweza kulegea na mboni ikawa ndogo, sauti ikakwaruza. Hayo huondoka pamoja na ganzi. Linalonikosesha raha ni pumzi. Jirani kabisa na mishipa ya bega unapita mshipa unaoendesha kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, na dawa ikiwa nyingi humfikia jirani naye. Nusu ya kiwambo inalala, pumzi inapungua kwa takriban robo. Mtu mwenye mapafu mazima huenda asitambue. Mzee ambaye kifua kikuu kilimharibia pafu moja miaka ya nyuma atatambua, tena vibaya. Kwa mtu kama huyo napunguza dawa, au naiacha shingo kabisa na kuchoma nyuma ya bega, juu ya mfupa wa kombe, ambako mshipa mmoja hubeba karibu asilimia 70 ya hisia za kiungo hicho. Utulivu wake haufiki ule wa shingoni, lakini anapumua.

Hatari kubwa zaidi ni dawa kuingia kwenye mshipa wa damu. Mgonjwa husikia masikio yakivuma, mdomo ukawa na ladha ya chuma, kisha huweza kupata degedege na moyo kuyumba. Ndiyo maana kila baada ya mililita chache tunavuta bomba la sindano nyuma kuangalia damu, na ndiyo maana chupa ya mafuta maalumu ya kutundikwa mshipani, yanayosaidia kuinasa sumu hiyo, inapaswa kuwa karibu. Ukitaka kumuuliza daktari wako wa usingizi swali moja tu, muulize chupa hiyo iko wapi.

Turudi kwa kijana wangu. Mkono ulipozinduka, maumivu ya siku nzima yalimwingia kwa mkupuo, na mwilini hamkuwa na chembe ya dawa nyingine. Kidonge kinachomezwa wakati huo huhitaji nusu saa hadi saa nzima ndipo kifanye kazi, na nusu saa ya namna ile ni ndefu. Tulimpa mofini, akatulia alfajiri. Kosa lilikuwa langu. Nilimweleza yote kuhusu sindano, sikumweleza kuhusu usiku.

Siku hizi huwaambia hivi: parasetamo, na dawa za jamii ya diklofenaki kama huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo, zianze ukiwa bado huhisi kitu. Mkono uliokufa ganzi ufungwe vizuri, kwa khanga kama hakuna kingine, na usikae karibu na jiko, maana ukiungua hutajua. Siku ya pili ikipita mkono bado haujazinduka, rudi. Pumzi ikibana, usingoje kuche.

Na juu ya bandeji, kwa kalamu nene ambayo hata ndugu anayemuuguza ataisoma, naandika: DAWA SAA MBILI USIKU, HATA KAMA HUUMWI.