Daktari wa Jeshi Katika Mgomo wa Raia
Mwezi Novemba 2017 madaktari wa serikali nchini Uganda waligoma, wakidai nyongeza ya mishahara, pamoja na dawa na vifaa vya kutosha hospitalini. Serikali ikawapeleka madaktari wa jeshi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Walikwenda, kwani askari akiamriwa hutii, hagomi. Lakini yafaa ieleweke kwamba daktari aondokaye kambini huacha pengo, na askari mgonjwa, mkewe na watoto wake nao wana haki ya kutibiwa. Tena gwanda halileti dawa zilizokosekana wodini. Kilichotakiwa ni fedha, nazo zilikawia: mpaka Julai 2022 ndipo mshahara wa daktari asiye bingwa ulipopandishwa kufikia angalau shilingi milioni 5 za Uganda kwa mwezi.