Kabla ya Kunukuu Asilimia: Aina za Makala za Utafiti wa Saikolojia

Mchungaji anayehudumu Jangwani au Kariakoo hukutana kila juma na watu walioelemewa na hofu na huzuni. Akitaka kujua tatizo hilo limeenea kiasi gani Dar es Salaam, makala za wataalamu zitampa majibu yanayoonekana kupingana. Ngoma, Prince na Mann (2003) walitaja asilimia 48 miongoni mwa waliokwenda kwa waganga wa jadi, na 24 miongoni mwa waliohudhuria vituo vya afya. Jenkins na wenzake (2010) walitaja asilimia 3.1 tu. Hakuna aliyesema uongo. Wa kwanza waliwahoji watu 354 waliokuwa tayari wakitafuta tiba. Wa pili walichukua sampuli ya watu wazima 899 kutoka miongoni mwa wakazi wa kawaida. Kwa hiyo sehemu ya mbinu na isomwe kwanza, hata kabla ya muhtasari.

Makala zote mbili ni za uchunguzi wa wakati mmoja. Makala za namna hii huonyesha mambo yanayoandamana, wala hazithibitishi kwamba moja limezaa jingine. Katika ile ya 2003, Wakristo walionekana zaidi kwa waganga kuliko vituoni. Vivyo hivyo wajane na waliotalikiana. Mhubiri atavutwa kuligeuza jambo hilo kuwa hukumu mimbarani, na hapo atakuwa ameilazimisha makala kusema isichokisema. Kwa nini walikwenda? Hilo hutafutwa katika makala za mahojiano ya kina, zenye watu wachache wanaosimulia kwa maneno yao wenyewe. Nazo zisidaiwe asilimia.

Zipo pia makala za mapitio, zinazokusanya tafiti nyingi, na zile zinazopima kipimo chenyewe, kama ya Kaaya na wenzake (2002) iliyochunguza kama maswali 25 yaliyotungwa Marekani yanafaa kwa wajawazito wa Dar es Salaam wenye virusi vya UKIMWI.

Jaribio ni jambo jingine. Mwaka 2013 Kaaya na wenzake walieleza jinsi wajawazito 331 wenye virusi hivyo walivyogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata ushauri wa vikundi, wengine huduma ya kawaida. Baadaye asilimia 60 ya kundi la kwanza walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya 73. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu, na waandishi walisema hivyo waziwazi, jambo la kusifiwa. Anayetaka kuanzisha vikundi kama hivyo usharikani anaweza kuitumia makala hii, mradi asiwaambie wazee wa kanisa kwamba imekwisha kuthibitishwa kuwa vinaponya.