Kuamuru na Kuuliza: Namna ya Kukiongoza Kigavi cha Umeme kutoka Mbali

Katika maabara ya fizikia au ya elektroniki, chombo kisichokosekana mezani ni kigavi cha umeme, ambacho mafundi wengi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kuupokea umeme wa mkondo geu utokao ukutani, kuugeuza uwe wa mkondo mnyofu, na kuutoa kwa kiasi anachokitaka mtumiaji. Kwa kawaida upande wa mbele huwa na vifungo viwili vya kuzungushwa: kimoja huweka kikomo cha volteji, na cha pili huweka kikomo cha mkondo.

Kwa jaribio la dakika chache vifungo hivyo vinatosha. Lakini yako majaribio yanayodumu saa nyingi usiku na mchana. Yako yanayohitaji volteji ibadilishwe mamia ya mara kwa utaratibu mmoja. Na yako yanayofanyika mahali ambapo si salama mtu kukaa, kama vile chumba chenye mionzi. Hapo ndipo kigavi hulazimika kuongozwa kutoka mbali. Kazi hiyo ina sehemu mbili zisizotengana: kukiamuru kigavi, na kukiuliza hali yake. Aamuruye bila ya kuuliza hajui kilichotokea.

Njia ya kwanza: kikinza badala ya kifungo

Katika vigavi vingi vya zamani, kifungo cha volteji kilikuwa ni kikinza ambacho ukinzani wake hubadilika kinapozungushwa. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1960 vilitumika vigavi vilivyokuwa na ncha za ziada upande wa nyuma, ili kikinza cha nje, kilicho mbali, kiweze kushika nafasi ya kile cha ndani. Baadhi ya vigavi hivyo vilihitaji omu 200 kwa kila volti 1. Kikinza cha omu 1,000 kilileta volti 5, na cha omu 2,000 kilileta volti 10.

Njia hiyo ni rahisi, lakini ina hatari ambayo mwanafunzi ye yote aijuaye sheria ya Ohm anaweza kuitambua. Waya uendao kwenye kikinza ukikatika, ukinzani huwa mkubwa kupita kiasi. Kigavi hakiwezi kujua kwamba waya umekatika. Chenyewe huona kana kwamba kimeamriwa kupandisha volteji hadi mwisho wa uwezo wake. Chombo kilichohitaji volti 5 huweza kuungua kwa ajili ya waya mmoja uliolegea.

Njia ya pili: amri zilizoandikwa

Mwaka 1975 taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, yenye makao yake Marekani, ilitoa kanuni nambari 488, iliyotokana na kazi ya kampuni ya Hewlett-Packard. Kwa kanuni hiyo, vyombo visivyozidi 15, pamoja na kompyuta inayoviongoza, viliweza kuunganishwa kwa mfumo mmoja wa nyaya zenye jumla ya urefu usiozidi meta 20. Kati ya nyaya 16 za ishara, 8 zilibeba habari zenyewe. Nyingine 8 zilisimamia utaratibu: nani anasema, nani anasikiliza, na kama msikilizaji ameshapokea. Kila chombo kilipewa nambari yake, ili amri ya kimoja isitekelezwe na kingine.

Mwaka 1990 watengenezaji wa vyombo vya kupimia walikubaliana juu ya lugha moja ya amri, iitwayo SCPI. Katika lugha hiyo, maandishi “VOLT 4.2” hukiamuru kigavi kiweke volteji kwenye volti 4.2. Maandishi “MEAS:VOLT?” hukitaka kipime volteji iliyopo na kujibu. Alama ya kuuliza ndiyo inayotenganisha amri na swali. Siku hizi lugha hiyo hiyo hupita katika nyaya za USB au za mtandao wa kompyuta, na mwongozaji anaweza kuwa katika jengo jingine.

Ndani ya kigavi, namba iliyopokewa hugeuzwa kuwa volteji kwa hatua. Kigeuzi cha biti 12 kina hatua 4,096. Kigavi kinachofika volti 60 kikitumia kigeuzi hicho, kila hatua huwa takriban volti 0.015. Kupima huenda kinyume: volteji hugeuzwa kuwa namba, na namba hiyo hurudishwa kwa muulizaji.

Kilichoamriwa na kilichopo

Kwa nini kuuliza ni lazima, ikiwa kigavi hutii? Kwanza, waya una ukinzani. Waya wa shaba wenye eneo la milimeta mraba 0.5, urefu wa meta 2 kwenda na meta 2 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.14. Mkondo wa ampea 3 ukipita humo, volti 0.4 hupotea njiani. Kigavi hutoa volti 5 kwenye ncha zake, lakini chombo hupata volti 4.6. Vigavi vizuri huwa na nyaya mbili nyembamba za ziada ziendazo hadi kwenye chombo chenyewe ili kupima volteji ya pale. Kwa kuwa nyaya hizo hupitisha mkondo mdogo mno, karibu hakuna kinachopotea ndani yake, na kigavi huweza kufidia upungufu.

Pili, chombo kinachopokea umeme nacho kina neno lake. Seli ya kawaida ya lithiamu, yenye kikomo cha volti 4.2, huchajiwa kwa kuweka kikomo hicho pamoja na kikomo cha mkondo, tuseme ampea 1. Mwanzoni kigavi kikiulizwa hujibu volti 3.7, ingawa kimeamriwa 4.2. Hakina kasoro; mkondo umefikia kikomo chake kwanza, na seli ndiyo inayoamua volteji. Volteji ikishapanda hadi 4.2 hubaki hapo, na mkondo huanza kupungua. Kwa kuuliza mkondo kila baada ya muda, kompyuta hujua wakati seli imejaa, kisha huamuru umeme ukatwe.

Mawasiliano yakikatika

Vigavi vingi, mawasiliano yakikatika, huendelea kutekeleza amri ya mwisho. Tena mwandishi wa programu akisahau nukta, 4.2 huwa 42. Kigavi kinachofika volti 60 kitaikubali amri hiyo, na mkondo utaendelea kuingia katika seli iliyokwisha kujaa. Seli ya lithiamu iliyojazwa kupita kiasi hupata joto na huweza kuwaka moto.

Kwa hiyo kinga ya mwisho haifai kuachiwa kompyuta iliyo mbali. Huwekwa ndani ya kigavi chenyewe: kikomo cha volteji cha kukata umeme, kilichopangwa juu kidogo ya volteji inayotakiwa, na, katika baadhi ya vigavi, saa ya ulinzi ambayo hukata umeme isiposikia habari kutoka kwa mwongozaji kwa muda uliowekwa.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na kigavi cha namna hii inaweza kulithibitisha jambo lenyewe kwa betri, balbu ya tochi, waya mrefu mwembamba na voltimita moja. Balbu ikiwa inawaka, wanafunzi wapime volteji kwenye ncha za betri, kisha kwenye ncha za balbu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni ile iliyopotea njiani. Halafu wapime mkondo, na kwa sheria ya Ohm watafute ukinzani wa waya bila ya kuugusa.